Chuoni nako kuna malezi

Kila mwaka ifikapo Agosti, mabasi yatokayo Katuna, Mutukula, Mpondwe, Elegu na Busia huingia Kampala yakiwa na shehena ya aina moja: magodoro yaliyofungwa kamba, masanduku ya bati, na vijana waliovaa viatu vipya. Pembeni ya kijana huwa ameketi mzazi aliyefunga duka kwa siku mbili ili amfikishe mwanawe chuo kikuu. Mzazi huyo hulipa benki, huweka risiti mfukoni, humpa mtoto nasaha za dakika tano, kisha hupanda basi la usiku kurudi mpakani kwa sababu mzigo haumsubiri mtu. Moyoni anajua kazi imekwisha. Mtoto amefika.

Nami niliamini hivyo hadi Desemba 2019.

Mpwa wangu alianza masomo katika chuo kimoja hapa Kampala mwezi Agosti 2018. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa na duka Katuna na wateja wake wengi walitoka upande wa pili, Rwanda. Familia yetu ni miongoni mwa zile zilizotawanyika, zikarudi, zikaanza upya zaidi ya mara moja, na kama ilivyo kwa wengi waliorudi, tuliona shahada kuwa ndiyo mali pekee ambayo mtu hawezi kunyang'anywa barabarani. Februari 2019 mpaka wa Gatuna ukafungwa. Biashara ya dada ikafa ndani ya wiki chache. Alimficha mwanawe ili asivurugike kimasomo. Mwanawe naye alikwishajua, maana nani hakujua habari za Gatuna, lakini akamficha mama yake kwamba anajua.

Kuanzia Machi mwaka huo kijana hakuingia darasani. Aliamka asubuhi, akaoga, akavaa, akatoka hosteli na madaftari mkononi, akafika getini, akageuka. Ndugu tulichangishana, karo ikalipwa, risiti ikatolewa, muhula ukaisha. Tukachangishana tena, ikalipwa tena. Katika muda wote huo hapakuwa na mhadhiri aliyeuliza yule kijana wa safu ya tatu amepotelea wapi. Hapakuwa na barua wala simu. Mtihani ulifanyika bila yeye na karatasi zikasahihishwa. Chuo chenyewe sitakitaja, na sababu si woga: nimezungumza na wazazi wa kutosha tangu wakati huo kujua kwamba kingekuwa kingine habari ingekuwa ile ile.

Aliyeligundua jambo hili hakuwa mhadhiri. Kijana alipatwa na malaria kali, wenzake wa hosteli wakampeleka Mulago kwa bodaboda mbili. Wodini palikuwa na binti anayesomea udaktari. Alipomaliza kuandika habari za homa na damu, akauliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu: "Kaka, usiku unapata usingizi?" Akajibiwa hapana. Akauliza, "Na chuoni wanajua?" Kijana akaanza kulia. Nilipofika jioni aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mjomba, mimi sikuwa mvivu. Nilikuwa nafika getini, miguu inakataa."

Nilimtafuta yule binti nimshukuru. Nikamuuliza alijuaje kuuliza vile. Akasema, "Mzee, sisi tunafundishwa kuuliza." Nikamuuliza tena, na nyinyi je, nani huwauliza? Akacheka kidogo, akaenda kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Kicheko kile ndicho kinachonifanya niandike leo.

Kwanza niseme haki ya Mulago, kwa sababu mlima huu umetufundisha mengi ambayo tumeyasahau. Shule ya udaktari ya Makerere imekuwapo tangu 1924, na karibu miaka yote hiyo wanafunzi wake wamejifunzia kwenye vitanda vya hospitali ya Mulago. Mwaka 2003 kitivo hicho kilibadili namna ya kufundisha. Badala ya mhadhiri kusimama mbele na kusoma maandishi yake huku darasa zima likinakili, wanafunzi waliwekwa katika vikundi vidogo pamoja na mwalimu, wakapewa kisa cha mgonjwa, wakaambiwa watafute wenyewe, wajadiliane, wapingane kwa heshima. Pamoja na hayo ukaanzishwa utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi katika vituo vya afya vya wilayani, wakakae na watu, waone mgonjwa anakotoka. Lengo lilikuwa kupata daktari anayejua kufikiri na kusikiliza. Yule binti ni tunda la mpango huo.

Lakini kuna jambo ambalo nadhani wengi hawakuliona. Mwanafunzi aliye katika kundi dogo hawezi kupotea kimya kimya. Kiti chake kikiwa wazi, kinaonekana. Asiposema neno kwa wiki mbili, mwenzake atamwuliza, na mwalimu akiwa na macho ataona. Katika ukumbi wa watu mia nne, kama ule wa mpwa wangu, kiti kitupu ni nafuu kwa aliyesimama ukutani.

La pili ni la zamani zaidi. Huu ushauri nasaha tunaousikia kila mahali Afrika Mashariki leo ulipata nguvu zake nyingi hapo Mulago. Bi. Noerine Kaleeba alikuwa akiongoza shule ya tiba ya viungo hospitalini hapo wakati mumewe, Christopher, alipogundulika kuwa na virusi vya Ukimwi mwaka 1986 akiwa masomoni Uingereza. Alirudi nyumbani, akafariki Januari 1987. Mwaka huo huo Bi. Kaleeba na wenzake, watu 16 kwa jumla, walianzisha TASO, na moja ya vituo vyake vya mwanzo ikawa Mulago. Wakati ule dawa hazikuwapo. Walichokuwa nacho ni kiti, kikombe cha chai na mtu aliyefundishwa kumsikiliza mwenzake bila kumhukumu. Wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa kawaida kabisa, baadhi wao wakiwa wagonjwa wenyewe. Nchi ikajifunza kwamba kusikiliza ni kazi, kwamba kuna namna nzuri na mbaya ya kuifanya, na kwamba inafundishika.

Mwaka 2002 likathibitishwa kwa hesabu. Watafiti walikwenda katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, ambako walikuwa wamekwisha kuwauliza watu wanauitaje ugonjwa wa huzuni. Waganda wakawapa maneno mawili ya Kiluganda, okwekyawa, yaani mtu kujichukia, na okwekubazida, yaani mtu kujionea huruma hadi akakwama. Hakuna aliyehitaji kamusi ya daktari kuyaelewa. Katika nusu ya vijiji hivyo wagonjwa walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopata mafunzo ya wiki mbili tu. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliokuwa katika vikundi walikuwa na ugonjwa huo kwa kiwango kikubwa. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi, kiwango kilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7 tu. Matokeo yalichapishwa Marekani mwaka 2003, na Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyo mwaka 2016.

Sasa najiuliza. Ikiwa mwenyeji wa kawaida aliweza kufundishwa kwa wiki mbili akaongoza kikundi cha watu waliovunjika moyo, ni kitu gani kinachomzuia mhadhiri mwenye shahada tatu kufundishwa kwa siku tano namna ya kumtambua mwanafunzi anayezama?

Jibu la kweli ni kwamba hatukuwahi kumtaka afanye hivyo. Mwalimu wa darasa la pili kule Kabale lazima apitie chuo cha ualimu, asome saikolojia ya mtoto, akae mbele ya darasa huku mkaguzi anamtazama. Mhadhiri wa chuo kikuu huajiriwa kwa shahada zake. Hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha. Akikaa saa nzima na mwanafunzi aliyefiwa, saa hiyo haiandikwi popote, na mwenzake aliyejifungia ofisini akiandika ndiye atakayeitwa profesa. Simlaumu mtu anayefuata njia aliyochorewa. Nawalaumu waliochora.

Wapo watakaosema mambo hayakuwa hivi zamani, na kwa kiasi wanasema kweli. Makerere ya akina Julius Nyerere, aliyesoma hapo kuanzia 1943 hadi 1945, au ya Benjamin Mkapa aliyehitimu 1962, ilikuwa ndogo. Wanafunzi walilala katika mabweni ya chuo, wakala meza moja, na kila bweni lilikuwa na mlezi aliyewajua kwa majina. Sitaki kuipamba enzi hiyo, maana waliokuwamo walikuwa wachache mno na wanawake walihesabika. Hata hivyo malezi yalikuwa ndani ya chuo. Baadaye fedha za serikali zikapungua. Desemba 1990 wanafunzi wawili waliuawa kwa risasi katika mgomo wa kupinga kuondolewa kwa posho. Kuanzia 1992 chuo kikafungua mlango kwa wanaojilipia, na Profesa Mahmood Mamdani ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2007 jinsi soko lilivyoingia hadi ndani ya idara. Sisi watu wa biashara hatuna haki ya kulalamikia soko, kwani bila mlango huo watoto wetu wengi wasingeingia. Ila walipoingia, mabweni hayakuongezeka kwa kasi ile. Wakaenda Kikoni, Wandegeya na Nankulabye katika hosteli za watu binafsi, na mlezi akabaki bwenini akiwalea wachache waliobahatika.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2001 inavitaka vyuo vya umma viwe na Mkuu wa Wanafunzi wa kuangalia ustawi wao. Wapo, na ofisi za ushauri nasaha zipo pia katika vyuo vikubwa. Nimekwisha kuingia katika mojawapo. Nilimkuta mama mwenye moyo mzuri, meza moja, na benchi la watu tisa nje. Ofisi ya namna hiyo humngoja mwanafunzi aje. Mpwa wangu, aliyeshindwa kuvuka geti, angeifikiaje?

Kwa wanafunzi wa udaktari kuna uzito wa ziada. Kijana wa miaka ishirini anakutana na maiti katika maabara ya anatomia, halafu anakutana na vifo wodini, vingine vya watoto, na jioni anatakiwa kusoma kana kwamba siku ilikuwa ya kawaida. Anapelekwa Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa 1955, na huko anajifunza dalili zote za ugonjwa wa huzuni. Anazijua kwa orodha. Akiziona kwake mwenyewe, atakwenda kwa nani? Daktari wa akili aliye karibu ni yule yule atakayemsahihishia mtihani mwezi ujao. Kwa hiyo ananyamaza. Naomba wakuu wa Mulago walitazame hili peke yake: msaada kwa wanafunzi hawa lazima utoke nje ya kitivo chao, kwa mtu asiyegusa alama zao.

Kuna hoja ambayo nimeisikia kwa wahadhiri, na ni nzito. Wanasema mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima. Amefikisha miaka 18, anapiga kura, anaweza kuoa. Chuo kikimpigia mzazi simu kinamdhalilisha, na pengine mzazi mwenyewe ndiye chanzo cha tatizo. Nakubali nusu. Sitaki chuo kinipigie kuniambia mtoto amepata alama gani au anatembea na nani. Lakini mtu mzima akikosekana kazini siku tatu, mwajiri huuliza. Mfanyabiashara wa Malaba asipofungua kibanda siku mbili, jirani yake hutuma mtoto kwenda kumwangalia. Utu uzima haujawahi kuwa na maana ya kutoulizwa. Njia ya kati ipo: siku ya kujiandikisha, mwanafunzi mwenyewe aandike jina la mtu mmoja anayemwamini, awe mzazi, kaka, shehe, kasisi au rafiki, na aridhie kwamba akikosekana darasani wiki tatu mfululizo bila taarifa, mtu huyo ataambiwa. Karatasi moja na simu moja, haigharimu kitu.

Hoja nyingine ni ya fedha, na hii siikubali. Chuo chenye kompyuta inayojua kwa shilingi ni nani hajamaliza karo kinaweza kujua pia ni nani hajaonekana. Kompyuta ile ile humfungia mwanafunzi mlango wa mtihani kwa deni. Nadhani ingeweza kujifunza swali la pili.

Ninachotaka si ofisi mpya yenye bango. Nataka kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa fani yoyote, awe katika kundi dogo lenye mhadhiri mmoja anayekutana nalo kila wiki mbili, kama wanavyokutana wenzao wa Mulago. Mhadhiri huyo afundishwe mambo machache tu: kuuliza, kusikiliza, kutambua hatari, na kujua amkabidhi nani jambo linalomzidi. Saa hizo zihesabiwe kuwa kazi, na katika kupandishwa cheo ziwe na uzito. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu hukagua maktaba na maabara kabla ya kukipa chuo kibali. Likague na hili.

Pia msaada utolewe kwa lugha ambayo moyo unaielewa. Vijana wetu wengi wamelelewa kwa Kiswahili cha njiani, kile cha Goma, cha Busia, cha Mutukula. Ni sisi watu wa mpakani tuliolipa eneo hili lote neno bodaboda, pale Busia, miaka ya 1960. Uganda iliandika Kiswahili katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na baraza la mawaziri likalitilia mkazo tena Julai 2022. Basi mwanafunzi kutoka Bunagana, ambaye mji wao ulitekwa Juni 2022 na hajui ndugu zake wamelala wapi, asilazimike kutafuta maneno ya Kiingereza ya kueleza kwa nini hajafanya zoezi la wiki hii.

Na sisi wazazi tusijitoe. Tumewazoesha watoto wetu habari za aina moja tu: umekula, umesoma, karo imefika. Nasi tukiulizwa hali ya biashara tunajibu nzuri, hata kama lori limekwama siku ya tisa. Wafanyabiashara waliopoteza mali Juba Desemba 2013 wanajua walivyowadanganya watoto wao waliokuwa shuleni Kampala. Dada yangu alidhani anamlinda mwanawe. Mwana alidhani anamlinda mama. Kila mmoja alibeba mzigo ule ule peke yake, mmoja Katuna na mwingine hapa mjini, na mimi mjomba niliyekuwa katikati, mwendo wa dakika ishirini kutoka hosteli, nilikuwa nikipiga simu Jumapili kuuliza kama hela imeingia.

Kijana alitibiwa malaria, kisha kwa miezi kadhaa akawa anazungumza na muuguzi mmoja mwenye subira. Halafu ikaja korona na vyuo vikafungwa Machi 2020, jambo ambalo kwake, ajabu, lilikuwa pumziko, kwani geti lilifungwa kwa wote. Mpaka wa Gatuna ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Mwaka huo alijiandikisha upya katika chuo kingine, kidogo zaidi, akaanza mwaka wa kwanza kwa mara ya pili. Safari hii tulimsindikiza wawili, mama yake na mimi. Baada ya benki hatukuondoka. Tuliulizia idara yake iko wapi, tukapanda ngazi, tukabisha hodi kwa mhadhiri, tukamwambia jina la kijana na namba zetu za simu. Alishangaa kidogo, akatafuta kalamu, akaandika.